Minyoo Isiyo na Kinywa

Vita vilipotutoa Mushaki, kijiji chetu cha milimani, mimi na Papa tulipata chumba kimoja Kirotshe. Siku moja alinituma chumvi. Mama wa duka, mfanyabiashara kutoka Butembo, alinifungia kwa ukurasa wa gazeti kuukuu la Kifaransa. Nilipoifungua nikaona picha: minyoo mirefu kuliko mtu, yenye vichwa vyekundu, imesimama kando ya maji moto yanayofuka kama moshi chini kabisa ya bahari. Maandishi yalisema jua halifiki huko, na minyoo ile haina kinywa wala tumbo. Hapo ukurasa ukaisha.

"Papa, iko minyoo yenye haina kinywa."

Papa, mkulima tangu utoto, aliacha kuchambua maharagwe. "Sasa inakulaka nini?"

"Sijui. Karatasi imekatika."

"Rudia dukani, uombe ingine."

Yule mama alicheka, akaniachia rundo lote nipekue. Ukurasa wa pili ulikuwa umeshaondoka na sukari ya mtu.

Jumapili Papa akanipeleka kwenye chemchemi ya maji moto, kando ya barabara ya Sake. Ilinuka mayai yaliyooza. Mawe yake yalikuwa na utelezi wa kijani, na juu yake vijinzi vidogo vilikuwa vikila. Papa aliukwangua kwa kidole, akaunusa.

"Hapa jua iko," akasema. "Kule iko giza. Nani analima?"

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba chakula chote kinaanzia kwenye jua. Niliinua mkono nikamweleza habari za minyoo. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka, aliomba ule ukurasa, akakaa nao siku mbili. Aliporudi alisema ndani ya minyoo ile mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo huitengenezea chakula kutokana na hewa iliyo ndani ya maji moto, ileile inayonuka.

Nilikimbia hadi nyumbani kumwambia Papa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile maji ya moto ikizimika?"

Hilo pia nilikuwa nimemuuliza mwalimu. "Mikubwa inakufa, Papa. Midogo inaelea mbali, mpaka ipate maji moto pengine."

Aliangalia upande wa milima yetu ya Mushaki.

"Inajuaje njia?"

"Sijui, Papa."

"Basi kesho uulize."