Keloidi ya sikio: vifungo vya koti viliilaza, hereni za marehemu mama zikaiamsha

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yametokea nyumbani kwangu Lukozi. Chumvi sijaongeza, yanayo ya kutosha.

Binti yangu Zaina alitobolewa sikio, kovu likavimba kama haragwe, ndiyo keloidi yenyewe. Ni miaka ile biashara imeachiwa huria, krimu za kila nchi zinauzwa hadi gulioni. Mimi na digrii yangu nilizinunua zote. Haragwe likawa kama plamu.

Mganga wa zahanati akatuambia, "Msilikate, litarudi kubwa zaidi. Libaneni. Na masikio haya yasitobolewe tena."

Basi mama yake akang'oa vifungo viwili vya koti langu, akavivika kitambaa laini. Kimoja mbele ya sikio, kimoja nyuma, klipu ya kubana, juu yake mtandio. Sikio likiuma, tunalegeza.

Na baridi ile ya kwetu, nikawa natembea kifua wazi. Majirani: "Msomi, umepigana na nani?"

Miezi ikapita. Muwasho ulitangulia kuondoka, kisha kovu likalainika, likalala.

"Baba, siku ya harusi nitaacha masikio wazi," Zaina akaniambia. Chuoni sikuwahi kusikia sentensi nzuri kama hiyo.

Siku ya kumpamba, dada yangu akaleta hereni za dhahabu za marehemu mama yetu. Kila bibi harusi wa ukoo wetu huzivaa. Tundu la zamani lilishaziba. Yaliyosemwa ndani nilisimuliwa baadaye na mke wangu.

"Shangazi, nimekatazwa kutobolewa."

"Na nani? Baba yako? Yule aliyeshindwa hata kufunga koti? Geuza sikio, mwanangu. Bibi yako anakuangalia."

Akatoboa yote mawili.

Mimi nilikuwa nje kwenye masufuria ya pilau. Niliposikia vigelegele, nikashangilia.

Leo Zaina yuko Mtae kwa mumewe, keloidi masikio yote, ngumu kuliko ile ya kwanza. Vifungo vinateleza. Sindano za hospitali zimepunguza kidogo, kidogo sana. Mtandio hauvui hata mbele yangu.

Nilichojifunza: kubana kunasaidia, ukiwahi na ukivumilia. Ila dawa ya keloidi wapewe ukoo mzima, siyo mgonjwa peke yake.

Hereni zimerudi kwa dada yangu, kazisugua zinang'aa. Mdogo wake Zaina kaposwa juzi.

Aliyewahi kumshinda shangazi mtu kwa hoja, tafadhali aandike hapa chini alisema nini.