Sanduku la Nyirabahire

Watu wanapenda kusifu machifu. Waendelee! Mimi nitamusifu mama mumoja mujane wa kijiji cha Muheto.

Mu mwaka wa 1953, Mama Nyirabahire peke yake njo alikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli mu kijiji chetu. Kila mutu aliyeogopa wezi ao moto alimuletea kitu cha kulinda: pete ya ndoa, karatasi ya ubatizo, mbegu ya maharagi. Hakumuomba mutu hata ndizi.

Siku moja mvua ilipasua kilima juu ya nyumba yake. Ilibidi ahame siku ile ile, aende kwa kaka yake, mu kijiji cha Kashebere. Wapagazi wakaomba mbuzi mbili. Bila haya! Yeye alikuwa na kuku moja.

Akamufuata Papa Makuza, mulinzi wa ngobyi, kitanda cha fito tunachobebea wagonjwa. Kwetu, ngobyi ikipita, kila mwanaume wa njiani anaweka bega, na hakuna malipo.

"Mugonjwa iko wapi?" Makuza akauliza.

"Leo mugonjwa iko sanduku, Papa."

Makuza akacheka, akaita wenzake. Wakafunga sanduku juu ya ngobyi, na mu kila kijiji mabega mapya yakaipokea, mpaka Kashebere.

Kaka yake akafungua sanduku. Akaona pete za watu, karatasi za watu, mbegu za watu.

"Na vitu vyako, dada?"

"Ngobyi ilikuwa moja," akajibu. "Vyangu nimeviachia kilima."