Mkeka wa Pembeni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikishika msumeno hunirudia yote, pamoja na harufu ya chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani kule Puta. Juzi ulinitumia kwenye simu picha za jukwaa unalolichora kwa ajili ya tamthilia ya chuo chenu. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Kuta zako ni nzuri. Zinanitisha, kwa sababu zinafanana na zangu. Basi nisikilize kwanza, halafu utaamua mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevuka ziwa na familia yetu kutoka Kongo, na kichwani nina miaka miwili ya masomo ya sanaa niliyoyapata Lubumbashi. Miwili tu! Elimu ya kiasi hicho ni mbaya kuliko ujinga, maana mjinga angalau huuliza. Hapa Nchelenge nilikuwa natengeneza milango na vitanda. Ndipo wakaja wanafunzi wanane wa chuo, wakati wa likizo, wakitafuta mtu wa kuwajengea jukwaa. Walikuwa wametunga mchezo juu ya mjane ambaye mumewe amefia ziwani, na mashemeji wakachukua mtumbwi na nyavu kabla matanga hayajaisha. Habari ya namna hiyo mwambao wote unaijua. Wangeucheza mara moja tu, Puta, saa tisa alasiri, mbele ya mzee wa kijiji na watu wake.

Nilijenga, mwanangu, nilijenga kwelikweli. Nikasimamisha fremu ya mlango wa nyumba ya mjane, kisha fremu kubwa za mbao nyuma na pande zote mbili, nikazivika maturubai, na juu yake nikachora Ziwa Mweru: mawimbi, jua, kisiwa cha Chisenga kwa mbali, hata ndege. Mbele nikapanga viti ishirini vya wageni. Ukikaa kiti cha katikati ungeapa kwamba unatazama ziwa lenyewe. Nilikaa pale mara nyingi, nikijisifu kimoyomoyo. Kilichobaki kilikuwa mtumbwi, na mvuvi mmoja wa pale pale akanipa wake bila hata kuuliza ni wa kazi gani.

Asubuhi ya siku ya mchezo akaja Mama Monga, Mkongo mwenzetu aliyekuwa akiuza samaki pale, amebeba mikeka kichwani. Nikamwonyesha atandike kushoto na kulia, kandokando, kwa kuwa viti ni vya wakubwa, na akina mama hukaa chini na watoto wao. Ndivyo ilivyo huku hata leo. Akatandika mkeka mmoja, akanishika mkono.

"Kuya, mutoto. Ikala hapa."

Nikakaa.

"Unaona nini?"

Niliona mgongo wa fremu yangu, vichwa vya misumari na turubai lililokunjwa vibaya. "Naona mbao, Mama."

"Bon. Na shiye tutaona mbao. Ule mwanamuke wa mu mchezo atalia, shiye tutaona mbao. Weye ulijengea biti, haukujengea batu."

Nilikasirika kuambiwa nimejengea viti, si watu. Nikamjibu kwamba jukwaa lina elimu yake, na kwamba kizuri chajiuza. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Kinajiuza? Miye kila asubui nikipanga samaki ku meza, nazunguka, nasimama pale mununuzi atasimama. Kama haone macho ya samaki, anapita tu. Na tena, Mweru iko pale nyuma, Mungu aliitengeneza bure, weye unaifunika na rangi!"

Nikageuka. Ni kweli, nyuma ya ziwa langu la turubai lilikuwapo ziwa lenyewe, pana, mitumbwi ikirudi. Nikaona aibu, lakini aibu ya kijana haichelewi kugeuka ubishi. Nikasema wageni wametoka mbali, wanataka kuona kazi ya fundi. Mama Monga akaacha kucheka, akauelekezea mtumbwi kidole, akapunguza sauti.

"Unayua huu bwato ni wa nani? Ni ya bwana ya Bana Mulenga. Alikufa mwaka jana. Ule mutu alikupatia ni shemeji yake. Na Bana Mulenga anakuya leo."

Wanafunzi walikuwa wametunga habari ya mjane yeyote, na mimi kwa kutojua nilikuwa nimeleta mtumbwi wa mjane mwenyewe. Hata hivyo, mwanangu, sikushika msumeno. Wiki mbili za kazi zilinishika mimi. Kiburi ni kitu kizito, nakwambia.

Kabla ya adhuhuri akafika Bana Mulenga, yaani mama wa Mulenga, na huyo Mulenga mwanawe mgongoni. Nikamkimbilia na kiti, nikamwomba akae mbele kabisa, hapo angeona kila kitu na mimi nisingehitaji kubomoa chochote. Akatikisa kichwa.

"Awe, tata. Mi naikala hapa."

Mashemeji zake wangesimama nyuma ya viti, na yeye asingejiweka mbele yao. Akaenda kukaa kwenye mkeka ule ule niliokalishwa mimi. Akamweka mtoto mapajani, akainua uso kwa adabu, akatazama mbao zangu.

Hapo nikachukua msumeno.

"Fundi, unafanya nini?" akapiga kelele kiongozi wa wanafunzi. "Tunaanza saa tisa!"

"Ndiyo sababu nakata sasa," nikamwambia, wala sikuinua kichwa.

Nilikata upande wa kushoto, nikakata wa kulia, kisha nikaliangusha ziwa langu na kulikunja. Nikabakiza fremu ya mlango peke yake. Kuta za nyumba nikazichora chini kwa majivu. Kisha nikaketi kwenye mkeka mmoja baada ya mwingine, nikachuchumaa mahali pa watoto, nikasimama nyuma kabisa, na kila mara nikarudi kuusogeza mtumbwi. Tuliusogeza mara nne mpaka ukaonekana wote kutoka kila upande. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mgeni mmoja alipofika aliuliza kama seremala hakutokea.

Mchezo ukaanza, Mweru ikiwa nyuma yake. Mwigizaji alipouwekea mtumbwi mkono na kusema, "Baba yao amewaachia huu," hata wale wa nyuma walinyoosha shingo. Ndipo nikamwona Bana Mulenga akiinuka kwenye mkeka. Alizunguka mstari wa majivu, hakuukanyaga, akaingia kwa kupitia ile fremu ya mlango, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Akamketisha mwanawe ndani ya mtumbwi. Akasema kwa Kibemba, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtumbwi huo ni wa Mulenga. Yule mwigizaji, Mungu ambariki, akarudi nyuma akamwachia nafasi.

Vichwa vyote vikageuka kumtafuta shemeji. Hapakuwa na ukuta wa kumficha mtu yeyote. Mzee wa kijiji hakutoa hukumu siku ile, alisema tu kwamba mtumbwi usiondoke pale mpaka wazungumze. Wiki haikuisha ukarudi kwa mtoto. Nyavu hazikurudi, sikufichi. Mama Monga, wakati wa kukunja mikeka, alinipita akasema, "Sasa naona," akaenda zake. Nami nililia, kijana mzima, mbele ya watu.

Sasa haya ndiyo ninayokutaka uyafanye. Kesho usichore. Nenda kwenye ukumbi wenu, utafute mahali pabaya kuliko pote, nyuma ya nguzo au pembeni kabisa karibu na mlango, ukae hapo. Jiulize nani atakaa hapo siku yenyewe, maana mara nyingi ndiye ambaye mchezo unamhusu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mchora jukwaa sharti akae chini. Wakikuambia kazi yako haionekani, usihuzunike, mradi mwigizaji anaonekana. Penye kitu cha kweli, dirisha au mti au ziwa, usikifunike na rangi. Na ukigundua umekosea zimebaki saa tatu, kata. Usihesabu siku ulizotumia. Mimi nilizihesabu asubuhi nzima, na zilikaribia kumnyima mtoto mtumbwi wa baba yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la aliyekaa pembeni, na mkono usioogopa kukata ulichokijenga wenyewe. Mlango utakaousimamisha, mwenye haki aupite bila kuinama. Na siku ya mchezo nitakuja, nikiwa hai, usinitafutie kiti.