Onja Kwanza, Dada

Uji wangu ulikuwa mzuri. Nalisema hili mwanzoni kabisa, asije mtu akadhani nilikuwa mpishi mchafu. Mtama niliununua kwa akina mama wa Bwegera, nikausaga mwenyewe juu ya jiwe, nikauacha uchachuke siku mbili, nikauchemsha hadi mkono ukachoka kukoroga. Jua likichomoza upande wa Burundi, mimi nilikuwa nimeshaketi kando ya njia iendayo bandarini, na chungu, na kata, na kikombe kimoja cha bati.

Kikombe kimoja kilitosha watu wote. Mteja akifika nilichota, nikapiga funda moja mbele ya macho yake, nikapangusa ukingo kwa kidole gumba, ndipo nikampa kwa mikono miwili. Kwetu, anayekupa kinywaji bila kukionja amekutukana, au anataka kukuzika. Sumu haikai chunguni, walituambia wakubwa. Hukaa chini ya ukucha wa mtu, hudondoshwa kikombeni wakati wa kupokezana. Kwa hiyo kuonja chungu hakukuhesabika. Ilibidi uonje kikombe chenyewe. Kazi hiyo niliifanya kwa madaha, na wapakuzi wa mizigo walinitania kwamba nusu ya uji wao naimaliza mimi.

Mdogo wangu alizidi wote kwa utani. Tulikuwa wawili tu tangu mama yetu afariki, mimi na uji wangu, yeye na kusuka kwake nywele za watu. Kikombe cha kwanza cha asubuhi kilikuwa chake. Nikimpa, alikunja mikono kifuani, akanuna kama bibi harusi.

"Onja kwanza, dada. Nitajua je mu roho yako mule iko nini?"

Nilionja, tukacheka, akanywa. Mzaha ule tuliurudia kila siku na haukuchakaa.

Kibali sikuwa nacho. Wakati wa Wabelgiji kilitolewa na ofisi ya usafi, ile tuliyoiita ijieni. Alikuwapo mtumishi wake mmoja, mtu wa hapa hapa Uvira, mwenye kofia ya kaki na uso mkavu, ambaye alipita njiani akimwaga vyungu vya wasio na karatasi. Changu alikimwaga zaidi ya mara moja. Nilimchukia mtu yule, sifichi. Uhuru ulipofika na Wazungu wakafunga masanduku yao, nilimwona anapita na kofia ile ile, nikamwita mbele ya wateja wangu.

"Papa, karatasi za Bazungu zilirudiaka kwabo na mashua. Kuya unywe uji."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakunywa. Aliniambia, "Mama, mikrobe haikupandaka mashua," akaenda zake. Tulimcheka mpaka alipokata kona.

Baada ya hapo nikaugua. Homa ya matumbo ilinilaza hadi nikawa siwezi kugeuka kitandani, na ndugu zetu wakanipandisha Lemera kwa machela, kwa njia ya miguu, milima yote ile. Mdogo wangu alifuata nyuma na sufuria kichwani. Huko hospitali alinilisha kwa kijiko, aliniosha, alikusanya nywele zangu zilizokuwa zinang'oka akazificha nisizione. Nilipona. Nilirudi Uvira nimekonda lakini sina maumivu popote, nikaweka chungu changu mahali pale pale.

Kisha ukaja uasi. Vijana wenye mikuki na majani kichwani waliingia mjini, wakubwa wa serikali wakakimbia, maduka yakafungwa. Sabuni ilikuwa ya kwanza kutoweka. Tulinawa kwa majivu, halafu hata majivu tukayasahau, maana mtu mwenye hofu huwa hakumbuki mikono yake. Jirani alimwogopa jirani. Neno moja lilitosha mtu achukuliwe asionekane tena. Wateja wangu, wale wale wa utani, sasa waliponipokea kikombe macho yao yalikuwa kooni kwangu, waone kama kweli nimemeza. Wengine waliniambia nionje mara mbili.

Watu wakaanza kuugua. Homa isiyoshuka, tumbo, mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, kisha kilio. Kilitoka nyumba hii, kikahamia ile.

Asubuhi moja yule mtu wa ijieni alikuja kukaa karibu na chungu changu. Hakuwa na kofia. Miguu ilikuwa mitupu, na ofisi yake ilikuwa imevunjwa hata milango. Alingoja mteja wa mwisho aondoke.

"Mama, minye sisemi kama uko mulozi," alianza. "Lakini nilipita ku bilio yote, nyumba kwa nyumba, nikauliza. Bale bote balikufa, balikunywaka ku kikombe yako."

Nilimwambia mimi ni mzima.

"Iko hivyo. Weye uko muzima, bengine banakufa. Ile homa ilikulalishaka kule Lemera ingali mu tumbo yako, hauisikie. Inapitia mu mikono, inaenda mu kikombe. Acha kuonja, acha kupangusa na kidole. Ao acha kuuza."

"Na tutakula nini, papa?"

 Alitazama chini, kisha akasema basi nitafute kikombe changu mwenyewe, nichote uji ule ule na kunywa mbele ya wateja, chao nisikiguse. Sauti yake ilikuwa ya kuomba. Mtu aliyekuwa akimwaga vyungu vyangu alikuwa ananiomba, na hilo ndilo lililonitisha kuliko homa.

Nilijaribu siku moja. Mpakuzi wa kwanza alikitazama kikombe changu, akakitazama chake, akakiweka chini.

"Sumu haiko mu chungu, mama. Iko mu kikombe. Onja hii."

Nilimweleza habari za homa. Akarudi nyuma hatua mbili, na waliokuwa nyuma yake wakarudi pamoja naye. Siku ile uji ulilala. Njiani kurudi nyumbani nilisikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba sasa imejulikana kwa nini nyumba nyingi zinalia. Wakati ule mtu aliyeitwa mlozi hakupelekwa mahakamani.

Kesho yake nilionja. Nilipiga funda kubwa, mbele ya wote, nikapangusa ukingo kwa kidole gumba. Nilijua ninachokifanya. Nimekaa na jambo hili maisha yangu yote, nimelizungusha kila upande, na bado linabaki hivyo: nilijua. Asubuhi hiyo, kabla sijatoka, nilikuwa nimeshamwonjea mdogo wangu pia. Alikunja mikono, alinuna, nikacheka. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake.

Hazikupita wiki tatu, akalala.

Zahanati ilikuwa imefungwa, na njia ya Lemera ilikuwa na watu wenye bunduki. Mtu wa ijieni alikuja mikono mitupu, akaketi kizingitini. Niliapa kwamba sitaonja tena kikombe cha mtu yeyote. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikanawa kwa majivu hadi ngozi ikauma. Nyuma ya ukuta wa matete majirani walikuwa wanazungumza juu yangu bila kushusha sauti. Mdogo wangu aliyasikia, na mimi nilijua anayasikia.

Karibu na saa sita mchana aliomba maji. Nilimpelekea kwa mikono miwili. Alikitazama kikombe muda mrefu, akanitazama mimi.

"Onja kwanza, dada."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni ule mzaha wetu. Yeye hakucheka.

"Siwezi," nilimwambia. "Nakulinda. Siwezi."

Alingoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alipoona sionji, aligeuza uso ukutani, na hakunigeukia tena. Alifariki kabla ya jua kuingia milimani, kikombe kikiwa kimejaa pembeni ya mkeka.

Nilitoka nikamwambia yule mtu wa ijieni pale kizingitini kwamba nimemtii, kwamba safari hii sikuonja. Alinitazama kama mtu aliyepigwa.

"Mama, yeye alikuwa ameshaipata," alisema. "Ungeonja tu."

Kisha akaingia ndani, akakichukua kile kikombe, akaenda kuyamwaga maji nje.