Mama Alipomjibu Karani "Utuombee"

Leo mama amechekwa mbele ya watu na sijui nimsaidieje.

Tulikuwa kwa foleni ya kupima majani chai. Asubuhi mama yuko na ng'ombe, jioni yuko jikoni, kwa hivyo litania ya Bikira Maria huisali hapo kwa foleni, kikapu mgongoni: "Mama mwema, utuombee. Mama msafi, utuombee."

Karani wa kupima akaita, "Mama Chebet!"

Mama akajibu kwa nguvu, "Utuombee!"

Kicheko! Mtu kwa foleni akadakia, "Ndiyo, karani, tuombee kilo ziongezeke!" Hata mama alicheka.

Lakini njiani hakuimalizia litania yake. Nikaanza, "Salamu Maria..." Mimi, ambaye kusoma somo kanisani naogopa.

"Wacha, Chebet. Nitasali nikipata nafasi."

Nyinyi mnaomjua mama, nafasi hiyo ataipata lini?