Bi Mdogo wa Kimara na Madigadi ya Mshindi

Saa moja kasorobo asubuhi, Alhamisi Kuu ya mwaka huu wa 1972, kwenye kona ya Kimara, Barabara ya Morogoro. Alfonsi Nandonde amechuchumaa mbele ya shimo, karai la kokoto mapajani, na hamwagi.

Shimo lenyewe si la kutisha. Beseni la kuogeshea mtoto lingeenea humo, labda na mtoto mwenyewe. Limejaa maji ya mvua ya jana, na juu ya maji linaelea ganda la ndizi. Hatua tano kutoka hapo, juu ya pikipiki ya kazi, mnyapara Jabiri Kondo amekunja mikono kifuani.

"Mwacheni amuage," anasema Fakihi, mwenzake Alfonsi wa genge, ameegemea beleshi. "Wametoka mbali hawa."

Kesho magari ya mashindano ya Pasaka yatapita hapa yakirusha maji mpaka migombani. Wengine huja kutazama nani anaongoza. Alfonsi hutazama nini kitaanguka.

Ana miaka thelathini na minane, Mmakonde wa Newala, baba wa watoto wanne. Kazi yake ni kufukia mashimo ya barabara, kwa mshahara wa shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Nyumbani kwake Mwananyamala, chumba cha mbele ambacho wenzake wangetia makochi, yeye kajaza ukuta mzima masalia ya magari ya mbio: vifuniko vya magurudumu kumi na vinne, vioo vya pembeni, bampa lililopinda kama mkungu wa ndizi, kipande cha mlango chenye namba kumi na saba, na glavu moja ya dereva, ya mkono wa kushoto. Vyote pamoja thelathini na kimoja.

Kila kimoja kina msumari wake na kibao cha mpingo alichokichonga mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine. Alianza mwaka 1965, kifuniko kilipochomoka kwenye gari, kikabingirika kuvuka barabara na kulala miguuni pake.

"Kilikuja kama mbwa anayemjua mwenyewe," anasema. "Ningekifukuza vipi?"

Fahari ya ukuta ni taa ya mbele ya kushoto ya gari jeupe la mwaka 1968. Kioo chake hakina hata mchubuko. Pembeni yake kuna msumari mtupu, unaisubiri ya kulia. Bwana mmoja wa tai aliwahi kuitolea taa hiyo shilingi mia na hamsini. Alfonsi alikataa, na mkewe, Eufrazia, hakumsemesha siku nne. Ya tano alimuuliza neno moja tu.

"Baba Anselmo, gari hatuna. Hiyo taa inamulika nini?"

Kwenye kikao cha tawi la chama nako aliwahi kusimamishwa, akaambiwa kwamba mbio za magari ni mambo ya mabepari, na yeye anawatunzia vitu vyao.

"Serikali imetaifisha mabenki," aliwajibu. "Mie nimetaifisha vifuniko." Kikao kilicheka, na hoja ikafia hapo.

Sasa, katika vitu hivyo thelathini na kimoja, kumi na kimoja vilitoka kwenye shimo hili moja. Likifukiwa, masika yanalifumua, likifumuka, linazaa. Eufrazia alikwisha kulipa jina. Mumewe akichelewa kurudi, huwaambia majirani kwamba yuko kwa Bi Mdogo wa Kimara.

Kisa cha leo kilianza Pasaka iliyopita. Alhamisi kama hii, genge liliagizwa lifukie mashimo yote ya kipande chake. Alfonsi aliyafukia yote, isipokuwa moja.

"Sikuliacha," anasema. "Nililiruka. Nilitaka liwe la mwisho, na mwisho haukufika."

Alasiri ile Kondo alipita kwa pikipiki ya idara, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, anakwenda Kibamba kumwozesha binti wa marehemu kaka yake. Yeye ndiye walii. Gurudumu la nyuma likazama shimoni, likaibuka, naye akaendelea na safari. Hakujua kwamba madigadi ya nyuma, lile bati la kukinga tope, imebaki majini. Wala hakujua kwamba gurudumu linamchapa tope mgongoni, mstari mmoja mnyoofu, kutoka kiunoni mpaka kwenye kofia.

Hivyo hivyo aliingia harusini. Akaamkia wazee, akaamkiwa na vijana, akaozesha, akala pilau, akaaga. Kwa heshima aliyonayo, hakutokea mtu wa kumwambia. Alijulishwa na mkewe, Chausiku, alipofika nyumbani na kumpa mgongo. Chausiku alimuuliza kama alikwenda kuozesha au alikwenda kulimwa.

Asubuhi ya pili, magari yalipokwisha kupita, Alfonsi aliiokota madigadi, na mbio zilipomalizika Mwananyamala nzima ilikwisha kusikia kwamba imechomoka kwenye gari lililoshinda. Fakihi aliitazama akasema ni nyembamba mno kwa gari. Akajibiwa kwamba magari ya mbio hukondeshwa makusudi. Kibao kikachongwa: MADIGADI YA MSHINDI, 1971.

Jumanne, kazini, Kondo alitangaza kwamba madigadi ya pikipiki imepotea, na idara inamtaka barua za maelezo. Kwa Alfonsi, kuirudisha ni kukiri shimo, na kukiri shimo ni kuiaga kazi. Akanyamaza. Akanyamaza mwaka mzima.

Jumapili iliyopita, ya Matawi, hodi ikapigwa. Ni Kondo. Alisikia habari za ukuta, kaja kuuona kwa wema. Eufrazia alifanikiwa kuitupia khanga madigadi kabla mgeni hajavuka kizingiti.

Mnyapara alikwenda kibao kwa kibao kama mkaguzi wa shule. Aliipima ile glavu mkononi, akaisifu taa, akakigonga kifuniko kwa kidole asikie mlio wake. Mwisho akasimama.

"Na huyu aliyejitanda khanga?"

Alfonsi anasema alitafuta uongo, akakuta umekwisha. Akaivua khanga mwenyewe, akakiri na shimo.

Kondo alisoma kibao. Akakisoma tena.

"Kumbe nilishinda," alisema. "Na watu wa Kibamba wasiniambie."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Eufrazia alileta chai, na Kondo akanywa nusu kikombe ndipo akasema tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Ndani ya yale magari mna watu, Alfonsi. Mie nilichafuka kanzu tu. Siku utakayookota mtu, utamtundika msumari upi?"

Hukumu ikatoka hapo hapo. Alhamisi Alfonsi alifukie shimo kwa mkono wake, mbele ya mnyapara. Asipolifukia, Jumanne asije kazini. Madigadi yenyewe Kondo hakuitaka. Baada ya barua ya tatu idara ilimpa nyingine, na kuirudisha ya zamani kungemtaka aandike ya nne. Alfonsi aliomba basi akichonge upya kibao.

"Kiache," Kondo alimwambia. "Nimekizoea."

Ndiyo maana asubuhi hii ya Alhamisi Kuu Alfonsi analitoa ganda la ndizi kwa vidole viwili, anayachota maji kwa kopo, na kokoto zinashuka. Anamwaga lami. Anashindilia kwa nguvu zote. Kondo anateremka, anapanda juu ya kiraka, anarukaruka mara tatu. Kisha anawasha pikipiki, anapita juu yake polepole, anarudi kwa kasi, na akisimama anajipapasa mgongo. Mkavu.

Kesho yake magari yalipita, na kwenye kona ya Kimara haikuanguka hata nati. Njia ilikuwa laini mno, madereva wakaongeza mwendo. Wakaenda hivyo mpaka kona inayofuata, kuelekea Mbezi, linakoanzia genge jingine. Kutoka huko ukasikika mlio wa bati, halafu wa kioo.

Alfonsi alikwenda kwa miguu kujionea. Hakukuta shimo. Alikuta kona kali na jiwe kubwa ukingoni, lenye rangi za magari matatu. Chini yake palikuwa na vipande vya kioo, na watu wa Mbezi walikwisha kutangulia kuokota.

Jumanne alipeleka barua ya kuomba uhamisho wa kwenda genge la Mbezi. Penye sababu ameandika: za kifamilia. Kondo, ambaye lazima atie sahihi, alitaka kujua kwanza kama huko nako kuna shimo.

"Likitokea nitalifukia kabla hujaniagiza, Ndugu Kondo," Alfonsi alisema. "Na lile jiwe nitalipaka chokaa, walione kwa mbali. Lakini shimo ni kosa langu mie. Kona niliikuta."

Kondo alitia sahihi. Alisema atapita kila Alhamisi kukagua, na atakuja na nguo za kazi.

Kwa Eufrazia habari ni moja tu: Bi Mdogo kahamia Mbezi. Hata hivyo naye kapata chake. Kwenye ule msumari mtupu ameruhusiwa kutundika chekeche la unga, kwa sharti kwamba siku taa ya kulia itakapokuja, chekeche litahama siku hiyo hiyo.

Alfonsi anaamini ni Pasaka ijayo. Eufrazia amelikubali sharti bila ubishi, na juzi amenunua chekeche jipya.