Siku Niliyokwenda Pangani Kumaliza Mapigo

Katika miaka ya hamsini, pale mtaani kwetu Ngamiani, kinyozi wangu aliniambia kuwa kila mtu huzaliwa na mapigo ya moyo yaliyohesabiwa, na mwenye mbio huyamaliza upesi.

"Umeona kobe anavyoishi? Ana haraka yule?"

Niliamini kuliko nilivyoamini kwamba jua litakuchwa. Nikachukua tasbihi ya marehemu babu, nikaweka kiganja kifuani, nikahesabu mapigo yangu punje kwa punje mpaka nikasinzia. Tangu siku hiyo baiskeli yangu sikuipanda, niliikokota. Nilitembea polepole hata kinyonga angenipigia kengele nimpishe.

Wakati huo nilikuwa nimeposa kwa fundi cherehani wa mtaa wa jirani. Akanisimamisha mbele ya watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo baiskeli au mbuzi waenda kumchinja?"

"Naitunza tu, mzee."

"Haya, itunze. Jumapili kuna mashindano, hapa mpaka Pangani. Binti yangu simwozi mwanamume anayeburura chombo chenye magurudumu. Usiposhinda, posa yako nakurudishia."

Nilikonda siku tatu. Nikishinda, nakufa, nikishindwa, anaolewa na mwingine. Mwishowe nikaamua: mapigo yote niyatumie siku moja, nife nikiwa mkwe. Nikamwendea mama kumwomba radhi.

"Kwani waenda Hija?" akaniuliza.

Jumapili nilipiga pedali mpaka mikonge ya kandokando ikawa ukuta mmoja wa kijani. Mchanga uliwaangusha wenzangu, mimi nilipaa juu yake. Kuku wa vijiji vyote vya njiani, naapa, walinyonyoka manyoya kwa upepo wangu. Nikafika kivukoni Pangani peke yangu, na aliyenifuata alikuja watu wameshakunywa chai. Vigelegele vilivuka mto vikarudi. Fundi, aliyetangulia kwa lori, alikuwa akipaza sauti kuliko wote:

"Mkwe wangu huyo! Si niliwaambia?"

Mimi moyo ulikuwa ukinidunda utadhani unataka kutoka ukaogelee. Nikajilaza chini, nikaelekea kibla, nikaanza kutoa shahada. Mwalimu wetu wa shule ya usiku, aliyeshika saa ya mashindano, akainama.

"Una nini wewe?"

"Mapigo yangu yamekwisha, mwalimu. Mwambieni bibi arusi asinililie sana."

Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa yake, kisha akasema bila hata kucheka:

"Mapigo hayawekwi akiba, bwana. Ndani ya nyama ya moyo mna vyumba vidogo mno, macho hayavioni, na kila kimoja kina utando wake. Kwenye utando huo chakula ulichokula na hewa unayovuta hugeuzwa kuwa nguvu ya kuupigisha moyo, kila dakika, mchana na usiku. Utando ukiharibika, moyo nao huweza kuugua. Moyo wako ni mzima, na mbio zinaupa nguvu. Inuka unywe maji."